Intafesi ya bei nafuu ya kurekodi dramu kwa kishikwambi: je, chaneli nne zinatosha?

Fimbo Mbili

Wakuu, salaam. Nimepiga dramu kwa miaka mingi, lakini kurekodi nimeanza juzijuzi tu, na hadi sasa nimekuwa nikitumia intafesi (kisanduku cha kuingizia sauti za maiki kwenye kompyuta au kishikwambi) ndogo ya chaneli mbili ambayo kwa gitaa na mwimbaji haijawahi kuniangusha. Sasa kikundi chetu kimeamua kurekodi nyimbo zake, na kazi inaanzia kwenye dramu. Seti yangu ina ngoma ya besi, sneya (ngoma ya mbele yenye mlio mkali), tomu mbili za juu, tomu kubwa ya chini, haihati (matoazi pacha ya kanyagio) na matoazi mawili. Nikiitazama seti hiyo, kisha nikiyatazama yale matundu mawili ya intafesi, naona ni sawa na kumimina pipa kwenye chupa.

Kompyuta sina na sikusudii kununua. Nina iPad ya kizazi cha 10, yenye tundu la USB-C na nafasi ya gigabaiti 64, na ndiyo ninayotaka iwe studio. Maiki ninazo nne: dainamiki (maiki isiyohitaji umeme) ya ngoma ya besi, Shure SM57 moja ambayo nayo ni dainamiki, na kondensa (maiki zinazohitaji umeme wa volti 48) mbili nyembamba zinazofanana. Programu ninayoifahamu ni GarageBand.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, nitafute intafesi ya maiki nne au nijinyime hadi nipate ya maiki nane? Pili, nitajuaje kabla ya kununua kwamba iPad itaziona chaneli zote, na si mbili za mwanzo tu? Tatu, kuna mtu ananiuzia mikisa iliyotumika, yenye chaneli 12 na tundu la USB mgongoni, kwa bei iliyo chini ya intafesi nyingi za maiki nne. Je, nikiichukua hiyo sitakuwa nimemaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja?

Sikio la Fundi

Ndugu Fimbo Mbili, kabla hujaangalia jina la kampuni, fungua karatasi ya sifa za kifaa na uhesabu kitu kimoja tu: priampu za maiki, yaani vikuza sauti ambavyo maiki huchomekwa. Usiitegemee nambari iliyoandikwa usoni mwa kifaa, kwa sababu nambari hiyo hujumlisha kila njia inayoweza kuingiza sauti, zikiwamo zile ambazo maiki haiwezi kuchomekwa. Chukua Focusrite Scarlett 18i8. Hiyo 18 inatokana na priampu nne, matundu manne ya laini, njia mbili za S/PDIF na njia nane za ADAT (zote za sauti ya kidijitali), hizo nane zikipita kwenye tundu moja la mwanga. Mtu aliyeinunua akitarajia kuchomeka maiki hata kumi atagundua kwamba zinaingia nne. Mkubwa wake, 18i20, ana 18 ileile kwenye jina, ila yeye ana priampu nane. Nambari ni moja, kazi ni mbili tofauti kabisa.

Sasa kuhusu nne au nane. Kwa maiki ulizo nazo mkononi, nne zinatosha, na sisemi hivyo kwa kukuliwaza. Glyn Johns, mhandisi wa sauti wa Uingereza aliyefanya kazi na Led Zeppelin na The Who, alijulikana kwa kuirekodi seti nzima kwa maiki nne tu: moja kwenye ngoma ya besi, moja kwenye sneya, na mbili zinazoisikiliza seti yote. Katika hizo mbili, ya kwanza hukaa juu ya sneya, kiasi cha mita moja au zaidi kidogo, ikitazama chini. Ya pili hukaa upande wa tomu kubwa, sentimita chache juu ya ukingo wake, ikielekezwa haihati kupitia juu ya sneya. Sharti lake kubwa ni kwamba zote mbili ziwe na umbali sawa kabisa kutoka katikati ya sneya.

Hapa naomba usipite haraka, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huilaumu intafesi kwa kosa lisilo lake. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa mbali na sneya kuliko mwenzake kwa sentimita 17, pigo lilelile litaifikia ikiwa imechelewa kwa nusu ya milisekunde. Ukizijumlisha sauti hizo mbili, masafa ya karibu hezi 1000 yatakuwa yanapingana, moja likipanda wakati lingine linashuka, na sneya itasikika imekonda kana kwamba imepigwa ndani ya bati. Hakuna priampu itakayolitibu hilo, hata ungenunua ya ghali kiasi gani. Dawa yake ni kamba ya kiatu: shika ncha moja katikati ya sneya, vuta hadi kwenye kichwa cha maiki ya kwanza, kaza vidole pale ilipofika, kisha ipeleke kamba hiyohiyo kwenye maiki ya pili na usogeze stendi hadi vidole viguse.

Kwa upande wa vifaa, vilivyo katika kundi la bei nafuu vyenye priampu nne ambavyo ningevitazama ni Behringer UMC404HD, Audient EVO 8, Steinberg UR44 na hiyo Scarlett 18i8. Tofauti ya ubora wa priampu zao, kwa dramu, si kubwa kiasi cha kukunyima usingizi. Dramu ni chombo cha kelele. Huhitaji geini (kiasi cha kuikuza sauti ya maiki) kubwa, na kwa hiyo ule mvumo wa chinichini unaowatesa wanaorekodi minong'ono hutausikia. Unachohitaji ni kinyume chake, yaani nafasi ya juu. SM57 iliyowekwa vidole viwili kutoka kwenye sneya inayopigwa kwa nguvu hutoa umeme wa kutosha kuilemea priampu hata geini ikiwa imefungwa hadi mwisho. Angalia kama kifaa kina kitufe cha kupunguza nguvu ya maiki, kile kinachoandikwa PAD. UMC404HD inacho kwa kila chaneli, na kwa mpiga dramu kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za usoni.

Kama unahisi kwamba siku moja utataka maiki nane au zaidi, basi 18i8 inapata alama ya ziada kwa sababu ya lile tundu la ADAT. Baadaye unaweza kuongeza kisanduku cha priampu nane kama Behringer ADA8200, ukakiunga kwa waya mmoja wa mwanga, na ukawa na maiki 12 kwa hezi 48,000, yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde. UMC404HD na EVO 8 hazina mlango huo. Ukizichukua, nne ndiyo mwisho wa safari.

Kebo Ndefu

Mimi nijibu la pili na la tatu, kwa sababu yote mawili nimeyalipia.

Tuanze na mikisa. Nilinunua iliyotumika, nzuri tu kwa macho, yenye chaneli kumi na tundu la USB, kwa hesabu hiyohiyo uliyoipiga wewe. Nikapanga maiki sita, nikaweka usawa wa kila moja kwa uangalifu, tukarekodi nyimbo tatu kwa siku nzima. Nilipofungua kishikwambi usiku nikakuta njia mbili tu, kushoto na kulia, na kila kitu kimeshachanganywa humo. Mpiga besi aliposema ngoma ya besi iongezwe kidogo, jibu nililokuwa nalo ni kwamba nikiongeza ngoma ya besi naongeza na matoazi, na haihati, na kikohozi changu. Mikisa nyingi za bei ya chini hupeleka mchanganyiko wa njia mbili pekee kwenye USB, hata kama usoni zina vitasa vya chaneli 12. Muulize muuzaji swali moja tu, na uliulize hivyo hivyo: USB yake inatoa njia ngapi kwa wakati mmoja, kila moja peke yake? Akisita, tafuta mwongozo wa kifaa mwenyewe. Hata ndani ya familia moja mambo hutofautiana: Behringer XR18 hupeleka njia 18 kwenye USB na ni intafesi kamili, ilhali XR12 na XR16 za ukoo huohuo hurekodi njia mbili tu kwenye fimbo ya kumbukumbu.

Kuhusu iPad kuziona chaneli zote: kwenye kompyuta, intafesi nyingi huja na draiva zake (programu za kuiunganisha na kompyuta), nawe ukazisakinisha. Kwenye iPad usitegemee njia hiyo. Kinachotakiwa ni kifaa kinachoongea ile lugha ya pamoja ya sauti kwa USB ambayo mfumo unaijua tayari, na kwenye karatasi ya sifa utaiona imeandikwa class compliant. Maneno hayo yakikosekana, na jina la iPad nalo likikosekana, usinunue kwa kubahatisha. Vifaa vingine vinayo lugha hiyo lakini huja vikiwa kwenye lugha ya kompyuta. Steinberg UR44, kwa mfano, ina swichi mgongoni iliyoandikwa CC MODE, na mtu asiyeijua anaweza kuirudisha dukani intafesi nzima isiyo na ubaya wowote.

Kasi ya USB isikutie hofu. Chaneli nane za biti 24 (ukubwa wa kila kipimo cha sauti) kwa hezi 48,000 zinahitaji megabiti 9 na kitu kwa sekunde, na tundu la iPad yako hubeba 480.

Kinachoua vipindi vya kurekodi ni umeme. iPad ya kizazi cha 10 ina tundu moja, nalo litakuwa limekaliwa na intafesi. Ukichukua intafesi inayokula umeme kupitia waya huohuo wa USB, kama EVO 8, betri ya iPad italisha vyote viwili, pamoja na volti 48 za kondensa zako mbili. Ndiyo maana kwa kazi hii napendelea kifaa chenye adapta yake ya ukutani. UMC404HD na 18i8 zote zina adapta. Juu ya hapo tafuta habu ya USB-C inayopitisha chaji: chaja inaingia kwenye habu, intafesi inaingia kwenye habu, na habu inaingia kwenye iPad. Ijaribu kwa saa nzima nyumbani kabla ya kuwaita wenzako, maana habu dhaifu hukata sauti kwa kupepesa, na kupepesa huko hukuoni hadi usikilize.

Wale wenye iPad za zamani za tundu la Lightning watafute adapta ya kamera ya Lightning kwenda USB 3, ile yenye tundu la pili la kuingizia chaji. Isiyo na tundu hilo hufanya kazi kwa vifaa vidogo, kisha siku ya kazi yenyewe kioo kinakuambia kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno.

Na usiiweke iPad kwenye kiti kilicho karibu na ngoma ya besi. Mimi niliiweka. Kila pigo lilikuwa likiitikisa plagi kidogo, na kwenye kiitikio cha wimbo wa pili intafesi ikapotea kwa nukta moja, ikarudi, na programu ikawa imeshasimama. Mpiga dramu hakujua. Alimaliza wimbo mzima, tena vizuri kuliko alivyowahi kuupiga.

Tomu Tatu

Naheshimu aliyosema Sikio la Fundi, lakini hili la nne kutosha linategemea unapiga nini na unapigia wapi, na sidhani mleta mada ameulizwa. Mimi napiga muziki ambao tomu ndizo zinazobeba nusu ya wimbo. Kwa maiki nne, tomu zote zinaishi ndani ya zile kondensa mbili za juu, zikichangia nyumba na matoazi. Ukitaka tomu kubwa ingurume, unapandisha na toazi. Ukitaka kulitoa toazi, unaiua tomu. Nilihangaika hivyo kwa karibu mwaka mmoja nikidhani kwamba sijui kuchanganya sauti.

Jambo jingine ni chumba. Kondensa iliyo mita moja juu ya sneya ndani ya chumba chenye dari fupi inakuwa karibu na dari kuliko na dramu, kwa hiyo inasikia pigo na kisha inasikia pigo hilohilo likirudi kutoka juu. Hapo maiki za karibu ndizo zinazokuokoa, na maiki za karibu zinahitaji matundu.

Kwa mtu wa namna yangu, kifaa cha priampu nane kama Behringer UMC1820 kinafaa zaidi, na kina ADAT pia. Njia nyingine ambayo watu wa vishikwambi huisahau ni mikisa zinazorekodi zenyewe kwenye kadi ya SD. Zoom LiveTrak L-12 ina priampu nane, huandika njia 14 kwenye kadi, na pia huunganishwa na iPad kama intafesi. Ile ndogo yake, L-8, ina matundu sita ya maiki. Ukirekodi kwenye kadi kisha ukahamishia mafaili kwenye iPad kwa ajili ya kuchanganya, kisa cha kiti cha Kebo Ndefu hakiwezi kukupata.

Sikio la Fundi

Nakubali kuhusu dari. Hilo nilipaswa kulisema mwenyewe. Dari ikiwa fupi, shusha maiki ya juu na utundike blanketi nene juu yake, na hata hivyo kuna vyumba ambavyo havitakubali.

Kuhusu nane, hata hivyo, naomba hesabu ifanywe hadi mwisho. Priampu nane hazirekodi kitu bila maiki nane, stendi nane au vibanio, na kebo nane za XLR (kebo za maiki). Mleta mada ana maiki nne. Gharama ya intafesi kubwa ni robo tu ya safari, na ninawajua watu waliobaki na intafesi ya nane yenye kebo nne kwa miaka miwili, huku maiki ya ngoma ya besi ikiwa ni ya kuazima. Kwa hiyo swali langu kwako, Fimbo Mbili: tomu zako unazipiga mara ngapi katika wimbo mmoja, na dari yako ina urefu gani?

Fimbo Mbili

Ahsanteni sana, mmenifumbua macho. Mikisa nimeiacha. Nilimpigia mwenye nayo nikamuuliza swali la Kebo Ndefu neno kwa neno, akaniambia kwamba "inatoa zote kwa pamoja", na jibu hilo nimelielewa.

Tomu nazipiga kwenye viungo tu, kati ya ubeti na kiitikio. Nyimbo zetu zinategemea haihati na sneya. Dari ya chumba ninachotumia ni mita tatu na ushee. Kwa hali hiyo naona maiki nne ndiyo njia yangu, angalau kwa sasa. Kabla ya kununua nimeazima UMC404HD kwa siku mbili. Imewaka, iPad imeiona, lakini GarageBand inanikubalia kurekodi traki moja tu kwa wakati. Nikigusa ya pili, ya kwanza inazima. Je, huo ndio ule upungufu wa njia mbili mliouzungumzia, au kuna mahali nimekosea?

Pia jirani yangu wa mazoezi ana kishikwambi cha Android na anauliza kama haya yote yanamhusu.

Kebo Ndefu

Hujakosea kifaa, ni mpangilio wa programu. Fungua mipangilio ya wimbo, ingia sehemu ya mipangilio ya juu zaidi, na uwashe kurekodi traki nyingi. Hapohapo washa na biti 24. Kisha, kwa kila traki ya sauti, gusa alama ya plagi na uchague namba ya chaneli yake: ngoma ya besi 1, sneya 2, kondensa 3 na 4. Usipochagua, traki zote nne zinaweza kurekodi chaneli ya kwanza, nawe ukawa na ngoma ya besi nne na sneya hakuna. Baada ya hapo kila traki itakuwa na kitufe chake cha kuitayarisha kurekodi.

Zima kusikiliza ndani ya programu, na usikilize moja kwa moja kutoka kwenye intafesi. Kuna kitasa cha kuchanganya sauti inayoingia na inayotoka kwenye iPad. Metronomu na gitaa la mwongozo vije kutoka kwenye iPad, na dramu zenyewe utazisikia tu, hata ungeziba masikio. Ukisikiliza dramu kupitia programu utazisikia zimechelewa kidogo nyuma ya fimbo zako, na hakuna mpiga dramu anayeweza kubaki kwenye mdundo huku mwangwi wake mwenyewe unamfuata.

Ukija kuhitaji zaidi ya GarageBand, Cubasis na Auria Pro hupokea chaneli nyingi kwa mara moja, na Logic Pro ya iPad ipo tangu 2023, ingawa hiyo hulipiwa kwa usajili. Usikimbilie. Kuhusu nafasi, traki nne za biti 24 kwa hezi 48,000 hula kiasi cha megabaiti 35 kwa dakika, yaani gigabaiti mbili na kitu kwa saa; kwa gigabaiti 64 unaweza kufanya kazi, ila futa majaribio mabovu siku hiyohiyo. Weka hali ya ndegeni, na uzuie kioo kujifunga chenyewe.

Kwa jirani: Android ilianza kutambua sauti kwa USB kuanzia toleo la 5.0 la 2014, lakini programu nyingi zinazopitia mfumo wenyewe huishia kupata njia mbili. Atafute programu zinazobeba draiva zake zenyewe ndani, kama Audio Evolution Mobile au USB Audio Recorder PRO, na ajaribu intafesi kwenye kishikwambi chake hasa kabla ya kulipa. Huko kila mtengenezaji ana tabia zake kuhusu umeme unaotoka kwenye tundu, na siwezi kumpa uhakika nilioweza kukupa wewe.

Tomu Tatu

Ongeza moja: kondensa zako zinahitaji volti 48, na kwenye intafesi nyingi za bei hii swichi ni moja kwa chaneli zote au kwa kundi. Dainamiki zako hazitadhurika kwa kebo nzima za XLR, kwa hiyo usiogope kuiwasha. Ila uiwashe hedifoni zikiwa zimeshushwa, na usichomoe maiki huku imewaka.

Ukipima geini, usimwamini mpiga dramu anapojaribu, hata kama mpiga dramu huyo ni wewe. Kwenye jaribio tunapiga kwa adabu. Wimbo ukianza tunapiga kweli. Acha mapigo makubwa zaidi ya jaribio yafike desibeli 12 chini ya kilele. Biti 24 zina nafasi ya kutosha chini, hutapoteza kitu.

Fimbo Mbili

Nimerudi na matokeo. Traki nne zimefunguka baada ya kuwasha ule mpangilio. Jaribio la kwanza niliweka kondensa kwa macho, nikiwa na hakika kwamba ziko sawa. Sneya ikasikika kama alivyosema Sikio la Fundi, imo ndani ya bati, nikaanza kuishuku intafesi ya watu. Kisha nikatoa kamba ya kiatu cha kushoto nikapima, na ile ya upande wa tomu ikawa mbali zaidi kwa upana wa kiganja changu. Nimeisogeza, nimepiga mapigo yaleyale, na sneya imerudi na mwili wake bila mimi kugusa kitasa hata kimoja.

Ngoma ya besi haikunipa shida. SM57 ililemea chaneli ya 2 kwenye kiitikio, taa nyekundu ikawaka kwa kila pigo la pili; nilibonyeza PAD, nikapandisha geini kidogo, ikatulia. Habu niliyokuwa nayo haikupitisha chaji, kwa hiyo betri ilishuka kutoka asilimia 90 hadi 61 kwa kipindi kimoja cha alasiri, na habu ndiyo nitakayoinunua kwanza.

Tomu kubwa kwenye kile kiungo cha kuingilia kiitikio cha pili inasikika ndogo kuliko nilivyoipiga. Tomu Tatu, hapo ulikuwa sahihi. Ndiyo maana nimeamua kutafuta 18i8 iliyotumika badala ya kununua UMC404HD mpya, ili lile tundu la mwanga liwepo siku nitakapopata maiki ya tano. Intafesi ya kuazima nairudisha kesho, na iPad nimeihamishia kwenye meza iliyo upande wa pili wa chumba.